Tope la Gari la Mzee Amisi

Vijana wa kazi yetu ya kuosha magari kando ya mto Kimemi wameniomba niwaandikie namna nilivyokuwa nikitunza rangi ya gari, kwa sababu wanasema magari yaliyopita mikononi mwangu yalizeeka polepole. Nimekubali. Vidole vyangu vimevimba kwa miaka ya maji ya baridi ya Butembo na havishiki tena kitambaa, na mtu asiyeweza kusugua hubaki na kazi ya kusema. Lakini nawaonya kwamba sitaandika habari za sabuni peke yake. Kuna gari moja ambalo sikupaswa kuliosha. Kwa ajili yake mtu mmoja alipotea, na mtu mwingine akabeba lawama iliyokuwa yangu. Nimejaribu kuandika kurasa hizi mara tatu, na kila mara niliishia kwenye nta. Safari hii nitafika mwisho.

Nilimaliza miaka minne ya sekondari kwa mapadri muda mfupi kabla ya uhuru. Nilijua Kifaransa, nilikuwa na mwandiko mzuri, na nilikuwa na hakika kwamba maisha yangu yatapita mezani. Uhuru ulipokuja, Wabelgiji wengi waliondoka Butembo kwa haraka, na ofisi ya serikali ikapata mkubwa mpya aliyetumwa kutoka jimbo lingine. Alipewa meza ya Mbelgiji, nyumba ya Mbelgiji na gari la Mbelgiji. Mimi nilichukuliwa kupeleka barua. Siku yangu ya pili aliniita, akanionyesha gari kwa kidevu na kusema, “Wewe umesoma. Osha ile.” Sikuelewa shule na gari vinakutana wapi, lakini nilichukua ndoo.

Siku hiyo nilifanya kila kosa linaloweza kufanywa kwa ndoo moja. Niliosha saa sita, jua likiwa utosini. Nilitumia sabuni ya mche ya kufulia nguo na burashi ya kusugulia sakafu, na penye tope gumu niliongeza mchanga wa mtoni. Nilianza na magurudumu, kisha kitambaa kilekile nikakipandisha juu ya boneti. Sabuni ilikauka kabla sijaisuuza, ikaacha madoa meupe kama ramani. Mkubwa alilizunguka gari, akasema ni vizuri. Hakuwa na habari.

Mtu aliyekuwa na habari alifika siku mbili baadaye. Alikuwa Mzee Amisi, Mwislamu wa Beni, mfanyabiashara na msafirishaji. Alikuwa na lori lililobeba mchele na mafuta ya mawese kati ya Eringeti, Beni na Butembo, na gari dogo la nyumbani, Peugeot nyeusi. Alikuja ofisini kutafuta karatasi ya njia, kibali cha lori lake. Alipopita karibu na gari la mkubwa alisimama, akainama, akapitisha ukucha juu ya mlango.

“Nani alilamba hii gari na ulimi ya ngombe?” aliuliza.

“Ni mimi, mzee.”

“Jina yako?”

“Kasereka.”

“Na ulisoma?”

“Ndiyo, mzee. Miaka ine ya sekondari.”

Aliwageukia watu waliokuwa wakingoja zamu barazani. “Munasikia? Miaka ine ya kujifunza kulamba.” Watu walicheka, hata karani. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, “Kama watakufukuza hapa, kuja Beni. Niko na gari nyeusi. Nyeusi haifichi kitu, itakufundisha.”

Hawakunifukuza. Niliondoka mwenyewe mwezi huohuo, kwa aibu zaidi kuliko kwa hekima.

Beni iko chini kuliko Butembo, na joto lake lilinishangaza. Nyumba ya Mzee Amisi ilikuwa kwenye mteremko chini ya barabara, ya matofali na bati, yenye ua mpana nyuma uliozungukwa na matete. Mke wake, Mama Zaina, alinipa chumba kidogo karibu na jiko na sharti moja, kwamba nisianike vitambaa vya gari kwenye kamba ya nguo za watoto wake. Mzee Amisi alikuwa na watu wa kumwoshea gari kama angetaka, lakini aliliosha mwenyewe, nyumbani, na sasa aliliosha pamoja nami. Alisema mtu anayeosha gari lake kwa mkono wake anajua limeumia wapi.

Haya ndiyo aliyonifundisha, nami nayaandika jinsi nilivyoyapata. Maji yawe ya mvua, kutoka pipa lililowekwa chini ya bati, kwa sababu maji ya mto huja na mchanga wake. Osha asubuhi kabla jua halijapasha bati, au jioni likiisha kupoa. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Mwaga kwanza maji mengi bila kugusa kitu, uache vumbi jekundu lilainike na kushuka lenyewe. Vumbi la barabara zetu ni mawe yaliyosagwa, na ukilisugua likiwa kavu unalipiga gari msasa. Kisha anza paani na kushuka. Magurudumu ni ya mwisho, na yana kitambaa chake ambacho hakipandi juu. Kitambaa chenyewe kiwe fulana ya pamba iliyochakaa, isiyo na kifungo. Kwa kukausha tulitumia kanzu zake kuukuu. Ninyi leo mna vitambaa vya dukani. Mimi sijaona kinachoshinda kanzu iliyosali Ijumaa kwa miaka kumi.

Kabla ya ndoo ya kwanza alisema bismillahi. Mimi ni Mkatoliki, lakini baada ya miezi michache nami nilikuwa nikisema, na hakuna aliyelalamika, padri wala shehe.

Nta ilikuwa ya nyuki, kutoka msitu wa upande wa Eringeti. Tuliiyeyusha ndani ya kopo lililokaa kwenye maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kisha mbali na jiko tukaongeza tapentaini. Ikipoa huwa laini kama siagi. Paka kidogo, kidogo kuliko mkono wako unavyotaka, ngoja ifanye ukungu, halafu futa kwa flaneli mpaka mkono uchoke. Ukichoka, upande wa pili wa gari bado unakungoja. Kuna watu wanaopaka mafuta ya mawese ili gari liwake. Huwaka saa moja, halafu hukusanya vumbi la wilaya nzima.

Nilipomaliza, Mzee Amisi alipitisha kidole chini ya ukingo wa mlango, mahali asipotazama mtu, akakileta mbele ya macho yangu. Kila mara kulikuwa na kitu. “Umeacha nchi muzima hapa,” alisema, akinionyesha udongo kwenye ncha ya kidole. “Batu wanaweza kulima.” Katika miaka yote ile hakuna siku aliyokosa kasoro.

Jirani yetu ng'ambo ya matete alikuwa Mwalimu Kabeya, aliyetumwa kutoka Kasai kufundisha shule ya msingi. Tulimwita Maître, yaani mwalimu kwa Kifaransa. Alipenda kuegemea ua akiwa na madaftari ya wanafunzi kwapani na kutazama kazi yetu.

“Maître, utanunua gari lini?” Mzee Amisi alimtania.

“Siku serikali italipa, mzee.”

“Basi utanunulia bajukuu.”

“Hata bale, mzee, wajifunze kutembea na miguu kwanza.”

Hivyo ndivyo walivyozungumza. Walikopeshana chumvi, na wakati wa kiangazi mke wa Maître alichota maji kwenye pipa letu.

Kisha waasi walikuja. Habari zao zilitufikia kutoka upande wa Stanleyville kabla ya wao wenyewe, nasi tulijua kwamba wanapoingia mji jambo la kwanza ni magari. Asubuhi moja nilimkuta Mzee Amisi akikoroga kitu kwenye pipa bovu: udongo wa kichuguu, kinyesi cha ng'ombe, majivu, na mafuta meusi yaliyotolewa kwenye injini ya lori. Aliniambia nivue shati. Gari tulilokuwa tukilifuta kwa flaneli tulilipaka uchafu ule kutoka paani mpaka kwenye bampa. Tulitoa upepo magurudumuni, tukang'oa vifuniko vyake, tukatupa majani ya migomba juu. Watu wengi wenye magari, Beni na Butembo, walifanya hivyo wakati ule. Mimi nilipaka kwa ncha za vidole, kama mtu anayepaka kidonda.

“Acha kulilia bati,” alisema. “Hii ni koti yake ya vita.”

Koti lilifanya kazi. Lori walilichukua, kwa maana lilikuwa barabarani, na lori halifichiki. Lakini uani waliingia mara mbili, na mara zote mbili walilipita lile gari. Mmoja alilipiga teke na kuuliza, “Hii kaburi ya nani?” Wenzake walicheka, wakaenda zao na kuku wawili.

Miezi ikapita. Jeshi la serikali likarudi Beni, watu wakatoka barabarani kupiga makofi, na redio ikasema hali ni shwari. Mzee Amisi alisikiliza redio mpaka mwisho, akaizima.

“Bale walikuja na miguu, wakatafuta gari,” aliniambia. “Hawa wamekuja na gari, na bado watatafuta gari. Usiguse ile tope mpaka niseme mimi, Kasereka.”

“Ndiyo, mzee.”

Nataka hilo lisomeke wazi. Niliambiwa, nami nikajibu ndiyo.

Ramadhani ilikuwa ikielekea mwisho wakati habari ilipofika kwamba kaka yake mkubwa amefariki Eringeti. Alisafiri na Mama Zaina kwa gari la mfanyabiashara mwenzake, watoto wakapelekwa kwa shangazi yao, mimi nikabaki kulinda nyumba. Siku ya pili nilichokonoa tope kwa ukucha kwenye pembe ya boneti. Rangi chini yake ilikuwa imefifia na kuwa ya kijivu. Kinyesi na majivu hula rangi. Mlijue hilo, ingawa si sababu ya nilichofanya. Nilijiambia kwamba gari linaharibika. Nilijiambia kwamba vita vimekwisha, na kwamba sikukuu ya Idi inakuja na mzee atakwenda kusali na gari linalong'aa kama kila mwaka. Ukweli ulikuwa mdogo kuliko hayo. Nilikuwa sijaosha gari kwa miezi mingi, na nilitaka kumwona akipitisha kidole chini ya mlango na kukosa kitu.

Nilianza alfajiri. Tope la namna ile halikwanguliwi. Nililifunika kwa magunia yaliyolowa, nikangoja, nikamwaga maji, nikafunika tena. Mafuta meusi niliyatoa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, nikafuata na sabuni mara moja kabla hayajala rangi. Jua lilipopanda nilikuwa nimefikia milango.

“Kasereka, mon petit,” Maître alisema kutoka uani kwake, akiniita mdogo wake kwa Kifaransa. “Hiyo gari ilikuwa imelala. Kwa nini unaiamsha?”

“Vita imeisha, Maître.”

“Mais, lakini mzee alisema uoshe?”

“Wewe fundisha batoto alfabeti,” nilimjibu. “Gari uniachie mimi.”

Alinitazama kidogo, akahamisha madaftari kutoka kwapa moja kwenda jingine, akaondoka. Nilipaka nta mara mbili. Rangi ilirudi, si yote, lakini mtu asingejua. Niliyajaza magurudumu upepo kwa pampu, nikarudisha vifuniko vyake. Ilikuwa kazi bora niliyowahi kufanya, kabla ya siku ile na baada yake, na nasikitika kuliandika hilo.

Nimesema nyumba ilikuwa chini ya barabara. Matete yalizuia macho ya mpita njia, lakini mtu aliyesimama ndani ya lori aliona ua wote. Mchana lori la askari lilipita huko juu, likasimama, likarudi nyuma. Walishuka watatu, na sajini wao akaweka kiganja juu ya boneti.

“Motuka oyo ya nani?” aliuliza kwa Kilingala, akimtaka mwenye gari.

“Ya mzee, chef.”

“Mzee iko wapi?”

“Eringeti, kwa matanga. Funguo iko naye.”

Sajini alifikiri. “Tutamungoja. Dereva wetu alipigwa na risasi. Gari bila dereva ni kiti tu.”

Maître alitoka nyumbani kwake na kupitia mlango mdogo wa ua. Alimsalimu sajini kwa Kilingala, akampa sigara, akaanza kuzungumza na kucheka. Kilingala changu kilikuwa kidogo, lakini nilimfuata. Alikuwa akisema kwamba injini imekufa tangu zamani, kwamba mzee ameling'arisha nje tu ili majirani wamheshimu. Sajini naye alicheka, akampiga begani, na hakuamini. Wanawake wa ng'ambo ya barabara walitazama kupitia nyufa za milango. Maneno hawakuyasikia. Waliona kicheko.

Waliacha askari mmoja kulinda. Alilala barazani mchana uleule, bunduki mapajani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na njia iliyopita migombani hadi barabara ya Eringeti. Ningeweza kwenda kumngoja Mzee Amisi huko na kumrudisha. Sikwenda. Nilijiambia watachukua gari tu. Na pia niliogopa, kwa sababu ningemsimamisha ingebidi nimweleze kwa nini.

Alifika kesho yake alasiri, peke yake, kwa kuwa Mama Zaina alibaki kumaliza siku za matanga. Askari walikuwa wamerudi wote. Alisimama kwenye pembe ya nyumba, kofia yake nyekundu kwa vumbi, akaliona gari. Kisha akaniona mimi.

“Chef, nipe nafasi nisali,” alimwambia sajini.

Walimpa. Alitawadha kwa maji ya pipa, akasali barazani bila haraka. Alipomaliza alilizunguka gari, akainama, akapitisha kidole chini ya ukingo wa mlango. Alikitazama kidole kwa muda.

“Kazi ni muzuri, Kasereka,” alisema. “Leo sina kasoro.”

Hakuwa na hasira usoni. Mara nyingi nimetamani angekuwa nayo. Alitoa ufunguo mfukoni mwa kanzu, akaketi kwenye usukani, sajini pembeni yake, wengine nyuma. Walielekea kaskazini. Hakurudi, wala gari halikurudi. Tulipouliza kambini tuliambiwa kwamba wale walikuwa wa kikosi kingine, na kikosi hicho kimekwisha ondoka.

Mama Zaina aliporudi alikaa kwenye mkeka na wanawake wa mtaa walimzunguka. Aliniita mbele yao.

“Kasereka, nani aliwaonyesha? Ile gari ilikuwa sawa na takataka. Nani alijua iko gari ndani?”

“Sijui, mama.”

“Na tope?”

“Waliniamuru nitoe.”

Hayo ndiyo maneno. Nilikuwa sijayaandaa; yalitoka kama jibu la mtoto aliyevunja sahani. Lakini yaliacha swali lake likining'inia, kwa sababu kama askari ndio walioamuru tope litolewe, basi kuna mtu aliyewaambia kilichokuwa chini yake. Mwanamke mmoja wa ng'ambo ya barabara alisema, “Maître alicheka na bale basoda wa bunduki. Aliwapa sigara. Nilimuona na macho yangu.” Mwingine akasema wanajuana kwa lugha. Mimi nilitazama mkeka.

Kuanzia siku hiyo hakuna mtu wa mtaa aliyeitika salamu ya Maître. Wazazi waliwatoa watoto darasani mwake. Mlango mdogo wa ua ulifungwa kwa waya, na niliyeufunga ni mimi, kwa kuamriwa na Mama Zaina. Kupitia matete, nikiwa na koleo mkononi, nilimsikia akiniita kwa sauti ya kawaida.

“Nilikuona asubuhi ile na magunia yako, mon petit.”

Niliendelea kukaza waya.

“Mimi nikisema, watasema Muluba wa Kasai anajitetea. Donc, basi sema wewe. Mara moja tu, kwa mama. Hata kama mimi sitakuwa pale.”

“Nitasema, Maître.”

“Lini?”

“Kesho.”

Alinipa kesho nyingi. Zilipita wiki mbili, au zaidi kidogo. Halafu asubuhi moja lori la kukodi lilisimama huko juu, na alipakia magodoro, meza moja na masanduku ya vitabu. Mke wake alikuwa na mimba, akapandishwa kwa kusukumwa na dereva, kwa kuwa hakuna jirani aliyetoka kumpa mkono. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha. Niliona Maître akihesabu watoto wake, kisha akapanda.

Sikuweza kukaa Beni baada ya hapo. Nilirudi Butembo, nikapata mahali mtaa wa Vulamba, na kwa miaka yote iliyofuata niliosha magari kwenye viwanja vya nyumba za watu: magari ya wafanyabiashara wa kahawa, ya maofisa waliotumwa kutoka mbali, ya mapadri, ya maarusi. Mengi niliyojifunza huko mnayajua, kwa kuwa niliwafundisha ninyi wenyewe. Kwamba mvua nyembamba ya Butembo huacha gari chafu kuliko mvua kubwa. Kwamba kinyesi cha ndege kiloweshwe mara moja, kisingoje Jumamosi. Kwamba kutu huanzia chini ya mpira wa kioo. Na mlikuwa mkinicheka kwa sheria yangu moja, kwamba sishiki ndoo kabla ya kumuuliza mwenye gari uso kwa uso, na kama hayupo nakaa chini kumngoja, hata nusu siku. Mliita uvivu wa wazee. Sikuwahi kuwaeleza.

Uasi mwingine ulipokuja, miaka mingi baadaye, na mwingine baada yake, wenye magari walianza tena kukoroga uchafu. Nilienda nyumba kwa nyumba kuwazuia wasitie kinyesi wala majivu. Nilikuwa na mchanganyiko wangu. Nilipaka gari nta mara mbili kwanza, kisha udongo wa bondeni uliochujwa kwa kitambaa, ukakorogwa kwa uji mwepesi wa unga wa muhogo ili ushike. Likikauka, gari huonekana limekufa tangu enzi za Wabelgiji, na siku ya amani huoshwa kwa maji matupu. Nilikaa siku nzima nikiwakataza watu kuosha. Magari kadhaa ya Butembo yalipita vita vile salama, na nilisifiwa kwa kuchafua kuliko nilivyowahi kusifiwa kwa kusafisha. Kila sifa niliipokea nikitazama chini, na watu walidhani ni unyenyekevu.

Mwaka huu, nilipoacha kazi, nilikwenda Beni. Nyumba bado ipo. Ukuta wa matofali umechukua mahali pa matete. Mama Zaina alikuwa uani, mzee sasa, akigeuza kakao iliyoanikwa kwenye turubai. Alinitambua kabla sijasema jina.

“Wewe ni Kasereka ya gari. Kaa.”

Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kwa habari za familia. Aliendelea kugeuza kakao mpaka nilipomaliza, kisha mikono yake ikasimama.

“Rudia.”

Nilirudia.

“Donc hawakukuamuru.”

“Hapana, mama.”

“Uliosha wewe mwenyewe. Na Maître?”

“Alinikataza. Na bale basoda alikuwa anawadanganya, anasema injini imekufa. Alitaka waende.”

Nilianza kuomba samahani, akainua mkono.

“Ngoja. Unajua mimi nilifanya nini? Bibi yake alikuja hapa na mimba, kuomba maji ya mvua sawa siku zote. Nilimufungia mulango. Kwenye soko niliambia bamama wasimuuzishe hata chumvi. Na batoto yangu niliwafundisha wasikaribie mutu wa Kasai, mpaka leo. Nilifanya ile yote na roho safi, Kasereka. Nilikuwa mujane, nilibaki na roho safi tu. Sasa unakuja kuninyanganya hata ile.”

Niliinama, nikaanza kugeuza kakao aliyoiacha.

“Juu ya mzee wangu nitakusamehe,” alisema baadaye. “Alikupenda, na angetaka. Mais ile ya Maître si yangu. Siwezi kukupa samahani ya mutu mwingine. Kwanza mimi mwenyewe naitafuta.”

Siku ileile tuliandika barua, mimi na yeye, kwenye karatasi ya daftari ya mjukuu wake. Mimi niliandika, yeye alinitaka nimsomee kila sentensi mara mbili, na pale nilipoweka “tulikosea” akaniamuru nifute, niandike kila mtu kosa lake. Anwani hatuna. Hatujui hata ni mji gani wa Kasai. Tulifanya nakala, nyingine tukampa padri, nyingine tukawapa madereva. Jibu halijaja. Kama Maître yu hai ni mzee kuliko mimi, na yule mtoto aliyekuwa tumboni ana watoto wake, wanaosikia pengine kwamba babu yao aliwahi kufukuzwa Beni kama msaliti.

Ndiyo maana nimeandika haya kwenu na si kwa mtu mwingine. Magari ya mbali hufika Kimemi kila siku, na dereva anayengoja gari likauke huzungumza. Muulizeni kama anapita Kasai. Akimjua mtu yeyote wa ukoo wa Mwalimu Kabeya, aliyefundisha Beni wakati wa waasi, mpeni ukurasa huu wa mwisho, hayo mengine ya sabuni na nta mbaki nayo. Mwalimu Kabeya hakumuuza jirani yake. Alijaribu kumwokoa kwa sigara na kicheko, mbele ya bunduki, na hakuna mwingine mtaani aliyejaribu. Gari lilioshwa na mimi, Kasereka, kwa kupenda kwangu, baada ya kukatazwa mara mbili.